Fungua kwenye "aware": kamusi na huduma za tafsiri za Mbeya na Iringa zikipimwa kwa neno moja

Ukisimama kwenye meza ya vitabu pale Mwanjelwa, au kwenye duka la steshenari Mashine Tatu mjini Iringa, muuzaji atakuacha uipekue kamusi dakika mbili tatu kabla hajakuuliza unachukua au huchukui. Wanunuzi wengi huzimaliza dakika hizo kwenye jalada, unene na bei. Zinatosha kwa jambo la maana zaidi: fungua herufi A, tafuta "aware", soma kila kilichoandikwa chini yake.

Ni neno la herufi tano, na Mswahili hapati hata tabu ya kulitamka. Sema "awea", mkazo ukae kwenye "we" kama unavyokaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho katika maneno yetu, umeshalipatia. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza amekutana nalo. Karani wa zahanati hulisoma kwenye ripoti. Mkulima wa viazi wa Uporoto au wa parachichi wa Njombe anaweza kuwekewa neno hilo kwenye mkataba wa mkopo na kutia saini chini yake. Hata hivyo ndilo linaloonyesha upesi kama kitabu ulichoshika kimetungwa na mtu anayezijua lugha zote mbili, au ni orodha ya maneno iliyovikwa jalada.

Sababu iko kwenye sarufi. Kiingereza kinalihesabu neno hili kuwa kivumishi. Kiswahili, kwa maana hiyohiyo, kinatumia kitenzi: najua, nafahamu, nimetambua, nimeshagundua. Au kinatumia "kuwa na" pamoja na nomino: nina habari. Mtunga kamusi asiyeliona hilo huzunguka kutafuta kivumishi cha Kiswahili cha kuweka upande wa pili, asikipate, mwisho akaunda "-enye ufahamu". Si kosa la sarufi. Lakini hakuna mtu Mbeya wala Iringa anayesema "mimi ni mwenye ufahamu kwamba mvua itanyesha", na anayelichukua neno kutoka hapo atakosea akienda na atakosea akirudi.

Tazama madhara yake kwa karibu. Tutunge maelezo ya ajali ya lori kwenye mteremko wa Kitonga. Sentensi ya kwanza: "The driver was not aware that the brakes had failed." Maana yake dereva hakujua kwamba breki zimeshindwa kufanya kazi. Yu macho, ameshika usukani, ila hajui kinachoendelea chini ya gari. Sentensi ya pili: "The driver was not conscious." Huyu amezimia. Kamusi inayoweka "-enye ufahamu" kwa neno la kwanza na "-enye fahamu" kwa la pili imezitenganisha sentensi hizi kwa herufi moja tu, u, na mwandishi mwenye haraka huidondosha bila kuiona. "Hakuwa na ufahamu" inageuka "hakuwa na fahamu", na anayesoma faili la bima anaelewa kwamba dereva alipoteza fahamu kabla gari halijaanguka. Swali la nani alipe linaweza kubadilika kwa herufi hiyo. Mfasiri anayejua kazi yake haigusi "ufahamu" wala "fahamu" kwenye sentensi ya kwanza. Anaandika "hakujua", basi.

Sasa tuziangalie bidhaa zenyewe.

Kamusi ndogo za mfukoni, zile za Kiingereza na Kiswahili zinazopangwa kando ya daftari na kalamu, ndizo rahisi kupatikana, na ndizo tusizozipendekeza kwa kazi yoyote ya kuandika. Tatizo lake si udogo. Nyingi hutoa neno kwa neno: "aware", nukta mbili, "fahamu, jua", mwisho. Msomaji anaona kitenzi upande wa Kiswahili, anaamini upande wa Kiingereza nako kuna kitenzi. Anaichukua "nafahamu tatizo hili", anaihamisha neno kwa neno, anaandika "I aware this problem". Humo mna makosa mawili. Limekosekana "am", kwa sababu kivumishi cha Kiingereza hakisimami kwenye sentensi bila kitenzi cha kuwa. Na limekosekana "of", kwa sababu "aware" haishiki jina moja kwa moja, inataka kiungo. Walimu wa sekondari huyasahihisha makosa haya kwa wino mwekundu mwaka hadi mwaka, ilhali chanzo chake kimelala ndani ya begi la mwanafunzi.

Kamusi ya mfukoni inafaa kwa kusoma: umekutana na neno gazetini, unataka kujua linaelekea wapi, unaendelea na habari yako. Ukiinunua kwa kazi hiyo, ikague mwili wake. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa vibunda, aghalabu vya kurasa 16 au 32, kisha vibunda vinapangwa na kugandishwa. Kibunda kikirukwa, kinakosekana chote. Ipekue kwa kidole gumba ukitazama namba za kurasa tu. Mruko wa namba utauona. Halafu tazama alama za matamshi. Matamshi ya "aware" huanza na herufi e iliyopinduliwa kichwa chini, na kwenye nakala za kurudufu alama hiyo huvimba wino hata usijue ni e, a au doa. Kama kitabu kitakaa Tukuyu au Rungwe juu kwenye unyevu, chagua kilichoshonwa uzi kwenye uti kuliko cha gundi tupu, na usikiegemeze ukutani wakati wa masika. Ukungu huanza kwenye uti, kisha kurasa zinaanza kutoka moja moja.

Kamusi kubwa za Kiingereza kwa Kiswahili ni ngazi nyingine. Safu yake ni ndefu: A. C. Madan alichapisha ya kwake 1894, ya Frederick Johnson ikatoka 1939, na 1996 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TUKI, ambayo sasa ni TATAKI, ikatoa ya kwake, iliyotungwa kwa ajili ya Mswahili anayesoma Kiingereza. Kwa anayetafsiri kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, kamusi ya ngazi hii ndiyo tunayoipendekeza ikae mezani, mradi ajue kuisoma. Kuna alama ya wimbi, ~, ambayo ni neno lenyewe limefichwa. Ukiona "~ of", soma "aware of". Ukiona "~ that", soma "aware that". Wengi huiruka alama hiyo kama pambo, kumbe nusu ya sarufi ya neno imehifadhiwa humo. Kistari kabla ya neno la Kiswahili, kama kwenye "-enye", kinakuambia upachike kiambishi cha ngeli: mwenye, wenye, chenye, lenye.

Upungufu wa kamusi hizi unatokana na nafasi. Kitabu chenye maelfu ya maneno hakiwezi kutoa sentensi nane kwa neno moja, na "aware" inahitaji hata zaidi ya nane. Kwa hiyo chukua penseli, uandike pembeni mwa ukurasa. "Become aware" ni kugundua au kubaini. "Make somebody aware" ni kumjulisha, kumfahamisha, kumwarifu. "As you are aware", inayopenda kufungua barua za kiofisi, ni "kama unavyofahamu". "As far as I am aware" ni "kwa ninavyojua", na mtu akijibu "not that I am aware of", amesema "kwa ninavyojua, hapana". "Unaware" ni kutojua au kutokuwa na habari. Ongeza s mwishoni, "unawares", na neno limegeuka kielezi: "caught unawares" ni kukutwa bila kujiandaa. Mistari hiyo sita saba ya penseli itakufaa kuliko kununua toleo jipya.

Na andika kwa herufi kubwa kidogo: "una habari". Hili ndilo neno la Kiswahili linaloikaribia "aware" kuliko yote kwa maongezi ya kila siku, na ndilo linalosahaulika zaidi. "Are you aware that the office is closed today?" Mtu wa Iringa mjini angeuliza, "Una habari kwamba leo ofisi imefungwa?" Wala hasemi "je, wewe ni mwenye kufahamu".

Tukija kwenye kamusi za Kiingereza kwa Kiingereza zilizotungwa kwa wanaojifunza, hapa ndipo fedha ya mwanafunzi wa sekondari, mwalimu na mwandishi wa ripoti inapofanya kazi. Mwingereza A. S. Hornby alikuwa akifundisha Japani alipotunga, pamoja na wenzake, kamusi iliyotoka huko 1942, na Oxford wakaichapisha upya 1948. Waliona kwamba mwanafunzi anahitaji kujua neno linakaa wapi kwenye sentensi, siyo maana yake tu, na kamusi za ukoo huo zimeushika mwendo huo mpaka leo. Ile ya Longman, iliyotoka 1978, ilieleza maana zake kwa msamiati wa maneno kama 2000 tu. Maana yake ni hii: mwanafunzi wa kidato cha tatu akijua maneno hayo, anasoma maelezo bila kufungua kamusi nyingine.

Ukiifungua kwenye "aware", tafuta alama inayosema neno hili halikai kabla ya jina. Kama kamusi haina alama hiyo, irudishe mezani. Kiingereza hakikubali "an aware farmer". Wanafunzi wetu huiandika kwa sababu Kiswahili kinasema "mkulima mwenye uelewa" na wao wanahamisha mpangilio. Anayetaka kumsifu mkulima huyo aandike "a well-informed farmer", au aivunje: "a farmer who is aware of the risks". Kuna mlango mmoja tu ulio wazi: kielezi kikitangulia, neno linakubali kukaa mbele ya jina, kama "a politically aware student", mwanafunzi mwenye mwamko wa kisiasa.

Hapa kuna jambo linalostahili kufundishwa darasani kuliko linavyofundishwa. "Aware" haiko peke yake. Iko kwenye kundi la vivumishi vinavyoanza na a ambavyo kwa kawaida hukataa kukaa kabla ya jina: "asleep", "awake", "alive", "afraid", "ashamed", "alone", "alike". Zitafsiri moja moja. Amelala. Yu macho. Yu hai. Anaogopa. Anaona haya. Yuko peke yake. Wanafanana. Na hii yetu, anajua. Karibu zote zimegeuka kuwa kauli nzima yenye mtenda ndani yake, sio sifa ya kubandika kwenye jina. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja, ameshika kanuni ya maneno manane kwa mpigo: pale Kiswahili kinaposema "amelala" au "anajua", Kiingereza cha kundi hili kinataka kitenzi cha kuwa kwanza, neno lifuate. "The child is asleep." "The child is aware." Hakuna "an asleep child".

Kitu kingine cha kukagua ni vielezi vinavyofuatana na neno. Kamusi nzuri itakuonyesha "well aware", "fully aware", "acutely aware". "Much aware" peke yake haikai vizuri, ingawa "very much aware" haina tatizo. "Aware about" utaisikia mitaani na hata redioni, lakini kwenye mtihani na barua rasmi tumia "of" kabla ya jina na "that" kabla ya sentensi. Kuwa mwangalifu na "well aware". Msimamizi wa mradi akikuandikia kwamba mvua imekata barabara ya Makete, nawe ukajibu "I am well aware of that", umemwambia "hilo nalijua fika". Maneno ni sahihi, sauti ni ya kumkatiza mtu. "Thank you, I am aware of this" inatosha. Kamusi chache sana zinaonya juu ya sauti. Ukipata yenye kisanduku cha maelezo ya matumizi, usiiache.

Usisumbuke kutafuta toleo la mwaka huu. Kwa neno hili na ndugu zake, toleo la miaka kumi na tano iliyopita lililotumika, lenye kurasa zote, ni bora kuliko kijitabu kipya kisicho na sentensi hata moja.

Ukiwa bado umeishika hiyo kamusi, ipime kwa ndugu hao. Nenda kwenye "conscious". Lazima uone maana zisizopungua mbili zikiwa zimetenganishwa kwa namba: kuwa na fahamu baada ya kuzimia au nusukaputi, na kulijua jambo huku ukilihisi moyoni. Kisha shuka hadi "self-conscious". Neno hili limewaponza waombaji wa kazi. Mtu anataka kusema anajitambua, kama vijana wanavyosema "dada anayejitambua", anaunganisha "self" na "conscious", anaandika kwenye barua ya maombi "I am a self-conscious person". Mwajiri anasoma: mimi ni mtu wa kujishuku, nikitazamwa naona aibu. Alichokitaka ni "self-aware". Kamusi inayotafsiri yote mawili kwa "kujitambua" itamnyima mtu kazi na hatajua kwa nini.

Halafu "oblivious". Asili yake ni Kilatini, na mwanzoni lilimaanisha mwenye kusahau. Ndiyo maana lilikwenda na "of", kama vile mtu husahau jambo. Siku hizi maana imehamia kwa asiyetambua kinachotokea mbele yake, na "to" imezoeleka. Zote mbili zinakubalika. Tofauti yake na "unaware" ni kwamba "unaware" hajaambiwa au hajaona, yule mwingine jambo liko machoni pake na akili iko mbali. Kiswahili kina kauli inayomtosha kabisa: hana habari. Bajaji inapiga honi nyuma yake pale Kabwe, yeye na simu yake hana hata habari. "Mindful" na "alert" hazina shida. Ya kwanza ni kuzingatia, ya pili ni kuwa macho, kukaa chonjo.

Programu za tafsiri za kwenye simu tumezipima kwa kigezo hichohicho. Ukiingiza neno peke yake, unapata neno peke yake, na umerudi kwenye kamusi ya mfukoni. Ingiza sentensi nzima, yenye mtenda, yenye nukta mwishoni, na jibu linakuwa bora sana. Zinapoharibikiwa ni kwenye kauli zetu zenyewe. "Yeye hana habari" ni rahisi kurudishwa kama mtu ambaye hana taarifa za kutoa, kwa sababu mashine inaliona neno "habari" kabla ya kuiona kauli. Usiitegemee tafsiri ya kurudi kuwa ndiyo ukaguzi, yaani kuchukua jibu la Kiswahili na kulirudisha Kiingereza ili uone kama linafanana. Mashine iliyoandika "-enye ufahamu" itairudisha "aware" bila wasiwasi, nawe utadhani mambo ni shwari. Ukaguzi wa kweli ni kuisoma sentensi ya Kiswahili kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajaona Kiingereza chake. Na kama unakwenda kwenye mabonde ya Kitulo, ambako mtandao hukata, pakua lugha zote mbili ukiwa bado mjini, ukijua kwamba tafsiri isiyotumia intaneti huwa hafifu kuliko inayotumia. Taarifa za mgonjwa au za akaunti ya mtu usiziingize humo.

Imebaki huduma ya tafsiri ya kwenye steshenari: unaleta karatasi, unaacha namba, unarudi kesho. Ubora wake unapishana mno, na bei haikuambii lolote. Uliza kwanza ukurasa unahesabiwaje. Kipimo kilichozoeleka kwa wafasiri ni maneno 250. Anayehesabu ukurasa kwa kuutazama tu atakutoza mara mbili pale mwandiko ulipo mkubwa. Uliza pia nani anatafsiri. Kama ni yuleyule anayetoa fotokopi huku akichapa barua za wengine, kazi inapitishwa kwenye simu kisha inapangwa vizuri kwenye kompyuta. Mfasiri wa kweli utamtambua kwa maswali: karatasi hii itasomwa na nani, inakwenda mahakamani au kijijini, kuna istilahi mnayoitumia tayari ofisini?

Mpe sentensi ya majaribio. Kwa Nyanda za Juu Kusini, iliyo bora inatoka kwenye sekta ya afya, kwa sababu ripoti za VVU zina uzito wa pekee huku kwetu: utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ya asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Ripoti za aina hiyo zina maneno "people living with HIV who are aware of their status". Ni watu wanaoishi na VVU wanaojua hali yao, yaani walishapima na wana majibu. Ndilo lengo la kwanza kati ya yale matatu ya kimataifa ya kudhibiti VVU, yanayotaka asilimia 95 kila moja. Mfasiri mbovu ataandika "wenye uelewa kuhusu VVU". Hao ni watu wengine kabisa. Mtu anaweza kuhudhuria semina kumi, akaujua ugonjwa wote, na bado hajapima. Tafsiri hiyo ikifika kwenye kikao cha kata, wajumbe watajadili kuongeza mikutano ya elimu wakati kilichotakiwa ni vipimo. Mtoa huduma aliyeiweka "wanaojua hali yao" bila kuulizwa, mwachie kazi yako yote.

Steshenari hizohizo huchapa vibao vya mageti, na hapo kuna kosa linalojirudia: "BE AWARE OF DOG". "Beware" na "be aware" ni za ukoo mmoja, zote zina ile "ware" ya kale ya tahadhari, lakini zimeachana kazi. "Beware of the dog" inakuambia ujihadhari usije ukang'atwa. "Be aware" inakupa taarifa tu kwamba mbwa yupo. Kwa waongoza watalii wa Ruaha tofauti hiyo ni ya usalama: mgeni anayeambiwa "be aware of elephants" anaweza kutoa kamera, anayeambiwa "beware" anabaki ndani ya gari. "Beware" nayo haina wakati uliopita wala "-ing". Ni ya kuamrisha na kuonya. Kama geti ni la nyumbani, "Mbwa mkali" inatosha kwa kila mpitaji.

Kazi inayohitaji uangalifu kuliko zote ni mikataba ya mikopo ya pembejeo. Humo utakuta ama "the Borrower is aware of the terms" ama "the Borrower has been made aware of the terms". Ya kwanza: mkopaji anajua masharti. Ya pili: mkopaji amefahamishwa masharti. Tafsiri nyingi za haraka huzilaza zote kwenye "mkopaji ana ufahamu wa masharti", na hapo limepotea jambo zito, kwa sababu "amefahamishwa" inasema kuna mtu aliyefanya kazi ya kumweleza, na mgogoro ukitokea swali la kwanza ni nani huyo na alimweleza lini. Mfasiri haruhusiwi kuongeza jina au tarehe ambayo Kiingereza hakina. Ila wewe mkopaji unaruhusiwa. Kabla ya saini, omba kipengele hicho kiandikwe aliyekufahamisha, tarehe, na lugha aliyotumia, kwenye nakala zote mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili.